Nyuzi Mbili za Zeze Kubwa

Mume wangu alikuwa mpiga zeze hodari, na kasoro yake ilikuwa moja tu: alijijua. Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma alipata kibarua cha kupanga mataruma, na huko akakutana na seremala mmoja Mjerumani aliyekuwa na zeze refu kuliko mtu. Mwenyewe aliliita kontrabasi. Kila Jumapili alasiri alilisimamisha mbele ya hema lake, akalikumbatia kama bibi harusi, akalikwaruza kwa upinde hadi mbuzi wetu wakaacha kula.

Kiangazi kile upepo mkavu ulimkatia uzi mnene kuliko zote. Nyuzi nyingine zilikuwa kwao, ng'ambo ya bahari. Mume wangu aliuokota ule uliokatika, akaunusa.

"Bwana, huu ni utumbo. Utumbo hata sisi tunao."

Siku hiyo shemeji yake alikuwepo, Mrangi wa Kondoa aliyemwoa dada yake, mfanyabiashara wa kondoo. Akacheka.

"Utumbo wa mbuzi wa Ugogo? Wanakula miiba hao. Uzi nao utalia miiba. Mpe bwana utumbo wa kondoo."

"Kondoo wenu mafuta matupu! Uzi utateleza mpaka pwani."

Seremala, ambaye vibarua walimwogopa kwa ukali wake, aliwatazama wote wawili. "Leta huyu, leta huyu," alisema kwa Kiswahili chake cha kupinda. "Mimi sikia."

Basi wanaume wakabishana, na kazi ikatuangukia mimi na wifi yangu. Tuliyakwangua yale matumbo, tukayaloweka kwenye maji ya majivu, tukayasokota, yeye kashika ncha hii, mimi ile, kisha tukayatundika yakauke na jiwe zito chini yake. Waume zetu walikuja kukagua, kila mmoja akiusifu uzi wake kana kwamba ni yeye aliyekuwa ananuka utumbo.

Jumapili ikafika. Uzi wa mbuzi ulifungwa kwanza. Sauti yake ilitoka upesi, kali, ina mvumo wa nyuki waliochokozwa. Mume wangu alitikisa kichwa kwa raha. Ukafuata wa kondoo. Ulichelewa kuitika, kama mtu aliyeamshwa usingizini, halafu ukanguruma chini kabisa, nami nikausikia kwenye nyayo kabla haujafika masikioni.

Seremala akapiga tena, akafikiri, kisha akanigeukia mimi. "Mama, wewe tengeneza. Wewe sema."

Nikaomba nizishike. Wa mbuzi ulikuwa mgumu, unasukuma kidole kama unagombana nacho. Wa kondoo ulikubali kwanza, ndipo ukakaza. Nikamtazama mume wangu, akanikonyeza. Nikamtazama shemeji, naye akajifanya anatazama mawingu, na kiangazi hakuna wingu.

"Wa mbuzi ni wa masikio," nikasema. "Wa kondoo ni wa tumbo. Na zeze kubwa namna hii linataka tumbo."

Shemeji aliruka juu akashangilia. Mume wangu akaniuliza taratibu, "Mke wangu, watu wa Kondoa wamekulisha nini?"

Uzi wa kondoo ukabaki kwenye kontrabasi. Wa mbuzi tulirudishiwa, na mume wangu akaubeba hadi nyumbani kama posa iliyokataliwa. Jioni hiyo alizungumza na kuku, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia, kuhusu wanawake wasiojua kwao.

Baada ya mavuno shemeji alitutembelea. Mume wangu alimpa kigoda kizuri, akammiminia maziwa, akaulizia afya ya kondoo wake kwa upole ambao hakuwahi kuutumia hata kwa wakwe zake. Shemeji alimwacha azungushe maneno hadi achoke, ndipo akatoa mkobani utumbo mwembamba uliokwisha kusokotwa, saizi ya zeze letu.

"Nitaujaribu tu," mume wangu akasema, "nipate kuujua ubaya wake."

Aliendelea kuujaribu ubaya huo hadi Wajerumani wenyewe wakaondoka.