Siku Tuliyomvusha Bibi Arusi kwa Taa

Baba mkwe wangu alikuja kukaa kwetu Kasongo kwa sababu ya macho. Maisha yake yote alikuwa Nyangwe, akivusha watu na mizigo kwa mtumbwi, hadi mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili, akabaki kuona mwanga na kivuli tu. Muuguzi wa macho alisema tungoje daktari mpasuaji atakayepita. Basi tukangoja, na mzee akangoja kwa kunung'unika. Godoro letu lilikuwa laini mno, samaki wa sokoni wamechoka, na mkwe wake kila siku baada ya shule anakwenda kuchezea taa.

Kuhusu taa alikuwa na haki. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya parokia, lakini wakati ule kikundi chetu cha maigizo kilikuwa kimepewa vyombo na kikundi kingine cha Bukavu kilichovunjika: projekteri za zamani, yaani taa kubwa za jukwaani zenye balbu za waya, na konsoli, meza ya vitufe ya kuziendesha. Kitabu cha maelezo kilikuwa kwa Kifaransa, kinene kama katekisimu, kwa hiyo wenzangu wote walinigeukia. Mke wangu, ambaye ni mwigizaji, hakugeuka hata kidogo. Alisema tu, "Wewe ndiye utatutengenezea mto."

Igizo letu lilikuwa la msichana anayeolewa ng'ambo ya mto Lualaba na mfanyabiashara aliyetoka mashariki. Mama yake, ambaye mke wangu alimwigiza, haitaki ndoa ile. Dakika ya mwisho anarukia mtumbwi, na katikati ya maji ndipo anapotoa baraka. Mtumbwi ulikuwa wa mbao nyepesi bila sakafu, waigizaji wakitembea ndani yake. Maji yalipaswa kutoka kwangu. Nilipanga projekteri chini, ukingoni mwa jukwaa, nikazivika karatasi za rangi ya buluu, na nyuma tukatundika mashuka meupe yapokee mwanga.

Konsoli ile ina uwezo wa kuipa taa mwendo. Unaiambia mwanga upande hadi wapi, ushuke hadi wapi, kwa kasi gani. Mara ya kwanza niliziagiza taa zote jambo moja, zikapanda pamoja na kushuka pamoja, ukumbi mzima ukawa unapumua kama kifua cha mtu mwenye homa. Mara ya pili nikazifanya ziwake moja baada ya nyingine. Mke wangu alisimama ndani ya mtumbwi, mikono kiunoni.

"Baba watoto, hii haiko mto. Hii ni baa ya wachimba dhahabu."

Wenzake wakacheka hadi wakauweka mtumbwi chini.

Mzee alianza kuja kwenye mazoezi kwa sababu nyumbani mchana alibaki peke yake. Nilimwekea kiti kando ya konsoli. Nilifikiri atalala, lakini hakulala. Alinyoosha uso kuelekea jukwaani na kutoa malalamiko mapya.

"Mukwe, maji yako iko inazimika."

"Inashuka tu, baba, halafu inapanda."

"Maji haizimiki. Nimeishi juu yake."

Kweli, mwanga ulikuwa unashuka hadi sifuri, na balbu za waya zikikaribia chini hufa kabla namba ya konsoli haijafika sifuri. Nikakinyanyua kiwango chake cha chini, ili taa ikishuka kabisa ibaki na uhai mdogo. Kisha nikaichelewesha kila taa kidogo nyuma ya jirani yake. Wimbi likaanza kutembea kutoka kushoto kwenda kulia. Lilikuwa zuri, lakini lilitembea sawasawa mno, kama wanafunzi kwenye gwaride, na mzee akaniambia hivyo hivyo, kwa maneno makali zaidi.

Jibu lilikuja kwa makosa. Siku moja nilitaka kunakili lile wimbi ili nisipoteze kazi yangu, nikabonyeza pasipostahili. Nakala ikaanza kwenda kinyume, kulia kwenda kushoto, polepole zaidi, na ile ya kwanza ikiwa bado inaendelea. Mawimbi mawili yakapishana juu ya mashuka. Yalipokutana mwanga uling'aa, yalipoachana ukakunjamana, na hakuna mahali palipofanana na pengine. Niliondoa mikono juu ya konsoli, nikiogopa kugusa chochote.

Mzee akavuta miguu yake nyuma, chini ya kiti, akapapasa ndara zake na kuzisogeza nazo.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema, kwa aibu kidogo. "Endelea na kazi yako."

Tulicheza igizo mchana, madirisha tukiwa tumeyaziba kwa maturubai, kwa maana watu walikuja kwa baiskeli na pikipiki, wengine hata kutoka upande wa Wamaza, na walitaka kurudi kulala kwao. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta, mwanga ukatulia, na sehemu ya kwanza ikaenda vizuri. Mama alikataa posa, watu wakamzomea mke wangu kwa furaha, naye akawazomea pia.

Ndipo mvua ikaanguka. Haikunyunyiza kwanza. Ilishuka yote kwa pamoja juu ya bati, na hakuna mtu aliyesikia tena hata neno. Mtumbwi ulikuwa ndio unaondoka. Nilimwona mke wangu akifungua mdomo, nikaona watu wa mbele wakitega sikio, nikaona kiongozi wa kikundi pembeni akinionyesha ishara nizime taa tungoje. Nilitaka kumtii. Lakini mashuka yalikuwa yanatetemeka kwa upepo wa mvua, maji yangu yalikuwa yanakwenda, na watu walikuwa wanayatazama. Nikatikisa kichwa. Waigizaji wakaendelea, bila sauti.

Mzee alinivuta shati, akanipigia kelele sikioni.

"Wapiga kasia wako wanalala!"

Akaanza kugonga sakafu kwa fimbo yake. Pigo, kimya, pigo, kimya, mwendo wa mtumbwi wenye mzigo. Watu wa mstari wetu wakaupokea kwa miguu, halafu mstari wa mbele yao, halafu ukumbi wote. Mvua ilikuwa juu yetu na miguu ilikuwa chini. Jukwaani wakaisikia kupitia mbao, wakainama pamoja na kuvuta pamoja. Kwenye konsoli kuna kitufe ambacho ukikigonga, taa hufuata mapigo yako. Nikakigonga pamoja na fimbo ya mzee, na mto ukaingia katika mwendo wa watu.

Katikati ya maji mke wangu alisimama. Hapo ndipo palikuwa na hotuba yake ndefu ya baraka, aliyoikariri akipika na akifua. Alitazama juu kwenye bati, akatutazama sisi. Kisha akafungua kitenge alichojifunga mabegani, akakitandaza juu ya binti yake, akamfunika, akakifunga kifuani pake kwa fundo. Miguu ikanyamaza. Baadaye akina mama wakapiga vigelegele, na hivyo tulivisikia, mvua au hakuna mvua.

"Amesema nini?" mzee aliniuliza.

"Hakusema, baba. Amemufunika kwa kitenge chake."

"Inatosha," akasema.

Njiani kurudi, tukimshika mzee mkono huku na huku kwenye matope, mke wangu alilalamikia hotuba yake na baba yake akalalamikia namna mtumbwi ulivyofika ufukweni. Kwa mujibu wake, abiria wote walipaswa kulowa. Nilitembea kati ya malalamiko yao nikiwa na furaha isiyo na kifani.

Daktari alipita baada ya masika, akamfungua mzee jicho la kulia. Kabla ya kurudi Nyangwe aliomba kupelekwa ukumbini aone vile vyombo. Alizitazama projekteri zenye kutu kwa muda mrefu, akiinama juu ya kila moja, kisha akaketi mahali pangu na kuuliza ni kitufe gani. Nikamwonyesha. Akaupeleka mto polepole, akaupeleka kwa kasi ya mafuriko, akausimamisha, akauanzisha tena, akicheka peke yake. Mke wangu alituma watu mara kadhaa kutuita, ugali unapoa. Kila mara mzee aliwajibu bila kugeuka kwamba bado tuko majini.