Ukuta wa Juu kwa Mama Cherehani

Mafundi wenzake walimwita Timazi, ule uzi wenye risasi wa kupimia ukuta, na hawakuwa wanamtania. Ukuta wake ukiupima, uzi unalala kama umegandishwa. Kanisani nako alikuwa amenyooka: shemasi wa majengo, sauti nzito ya kwaya, mtu ambaye mchungaji hachoki kumtolea mfano. "Mtazameni Timazi," husema. "Ametii, amebarikiwa. Kazi ndizo zinamtafuta yeye."

Watu wanaipenda hesabu hiyo kwa sababu ni nyepesi. Unaingiza utii huku, baraka inadondoka kule, kama mashine ya soda. Timazi naye aliipenda, mpaka siku ilipomgeukia.

Kisa chenyewe kilianzia kwa Mama Cherehani, fundi nguo anayeishi na mama yake mzazi, Bibi, ambaye macho yake yanazimika polepole. Timazi ndiye aliyewajengea nyumba. Juu akawamwagia slabu ya kuanikia nguo, na Bibi apate pa kuotea jua. Ngazi ikapanda kwa nje. Kilichobaki ni ukuta mfupi wa kuizunguka slabu, kimo cha kiuno, na tofali zake zilikuwa zimepangwa uani tayari. Sasa, wakati huohuo kanisa lilikuwa linangoja wageni, na ukuta wake wa mbele ulikuwa umeishia magotini kwa kukosa tofali. Mchungaji akamwambia shemasi wake, "Tafuta njia, mtumishi."

Timazi akaitafuta. Akapanda kwa Mama Cherehani, akaigonga slabu kwa mpini wa nyundo, akaitegea sikio kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mama, hii ukiibebesha ukuta sasa hivi utaichosha. Ipe mwaka ipumue."

"Itachokaje, fundi? Si zege?"

"Zege nalo lina mgongo, mama."

Mama Cherehani akacheka. Yeye anajua pindo na vifungo. Mambo ya zege fundi akisema, amesema. "Basi hizo tofali zipeleke kanisani. Zitaota ukungu hapa bure na nyumba ya Mungu iko uchi."

Uongo wote ndio huo, mfupi hivyo. Slabu ile ingebeba ukuta na harusi juu yake, na Timazi alijua, kwa sababu nondo alizisuka kwa mikono yake.

Ukuta wa kanisa ukasimama. Wageni wakaja, Timazi akapigiwa makofi, na kazi zikazidi kumiminika. Ndiyo maana akajilegeza. Mungu angekuwa amekasirika, si angeonyesha? Wengi tunapotelea hapo hapo: Mungu akinyamaza tunadhani ametia sahihi.

Ibada moja mchungaji akafundisha agano. Akaeleza jinsi watu walivyogawanywa kwenye milima miwili, huku baraka, huku laana, na kila laana ikitamkwa taifa zima linaitikia Amina. "Leo na sisi tuitikie," akasema. Kanisa likachangamka kama limepewa kiitikio kipya. Anayesogeza mpaka wa jirani yake. Amina. Anayemdharau mzazi wake. Amina. Anayempoteza kipofu njiani.

Amina ya Timazi ilishatoka, nzito kuliko zote, kabla akili yake haijafika. Mbele yake alikaa Mama Cherehani na mama yake. Bibi naye aliitikia, kwa furaha kabisa, huku vidole vyake vikipapasa ukingo wa benchi kutafuta linapoishia.

Nyumbani Timazi akafungua Biblia. Kurasa za baraka, zile za kapu na ghala na kuwa kichwa wala si mkia, zilikuwa zimelegea kwa kusomwa. Akarudi nyuma kidogo, na pale akakuta sheria ambayo hakuwahi kuifikia: ukijenga nyumba, zungushia ukuta juu, asije mtu akaanguka ukabeba damu yake. Mungu aliyepasua bahari ameacha mambo yake makubwa akazungumza ujenzi, na fundi ujenzi mzima hana habari.

Kesho yake akanunua tofali, akazipeleka kwa mkokoteni.

"Mama, Mungu amenifungulia. Nimekuja kumalizia ule ukuta."

Mama Cherehani hakuinua kichwa kwenye gauni alilokuwa anashona. "Si ulisema tuipe mwaka?"

"Imekomaa mapema."

"Hapana, fundi, usiniharibie. Neno lako nimelishika lilivyo. Wageni siwapandishi kule, nguo mbichi nazipeleka kidogokidogo. Nimetii mpaka hapa, nivunje leo?"

Angeweza kugeuza mkokoteni akaondoka zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Juu ya kichwa chake akasikia kandambili zinakwaruza zege.

"Nani yuko juu?"

"Bibi, anaota jua. Anashika ukuta wa ngazi mpaka unapoisha, halafu anatafuta kamba ya nguo kwa mguu."

"Mama," Timazi akasema, "slabu haichoki. Haijawahi kuchoka. Nilizitaka tofali."

Cherehani ikanyamaza. "Rudia."

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

"Nikipita pale kanisani nazishika," Mama Cherehani akasema polepole. "Nasema, hizi zangu, Mungu anaziona. Kumbe alikuwa anaziona kweli."

"Nisamehe, mama."

"Msamaha utangoja zamu yake. Panda ukajenge. Na Jumapili usimame palepale unaposifiwa, useme hayohayo."

"Mchungaji atasema nawayumbisha watu imani."

"Mchungaji hana mama juu ya slabu yangu."

Timazi akapanda.

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi, Timazi."

"Marahaba. Nimeyasikia. Yanayozimika ni macho." Bibi aliachia kamba ya nguo. "Niambie basi, mwisho uko wapi?"

"Mbele yako hapo. Usisogee, Bibi."

"Na nikuamini kwa lipi?"

Bibi akauburuta mguu mbele, kisha wa pili, na Timazi akamkimbilia, akajipenyeza kati yake na ukingo, visigino vyake kwenye ncha ya zege, mikono ameitandaza. Kiganja cha Bibi kikamgota kifuani.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Bibi akang'ang'ania shati lake. Timazi akaita, "Mama, njoo umshike Bibi nianze kazi."

"Nimekusikia," Mama Cherehani akajibu kutoka chini. "Namalizia mkono wa gauni."

Cherehani ikaanza tena, taratibu, na Timazi akabaki amesimama palepale, nyuma yake hakuna kitu.