Mama Alipomtunza Mwimbaji wa Kikuba

Mwenzangu wa kazini, pale uwanja wa ndege, alinipa tiketi mbili za ukumbi mmoja wa huku London unaohifadhi nyimbo za kale za Kuba. Nikasema nimpeleke mama, maana tangu tuhamie Hounslow anazeekea mbele ya televisheni. Sikufikiri. Mlangoni ndipo nilipoiona picha kubwa ya mwanamume mwenye ndevu na kofia ya kijeshi, nikamshika mama mkono asipite. Waliomchukua baba nyumbani Unguja, baada ya Mapinduzi, asirudi tena, walikuwa vijana waliotoka mafunzoni Kuba, na ndevu wakifuga hivyo hivyo. Nilikuwa mdogo, sikumbuki kitu. Maisha yangu yote nimetaka kuisikia siku ile, na kila nikiuliza mama huinuka kwenda kuteleka chai.

"Mama, turudi."

"Turudi wapi, na tiketi tunazo? Ingia, baridi hii."

Jukwaani walikuwa wazee watatu, magitaa mawili na vijiti vya kugonganisha. Kabla ya kila wimbo mmoja wao alieleza ulitungwa wapi na kwa ajili ya nani. Mama alikaa na koti lake, mkoba mapajani. Mimi sikusikia chochote. Nilikuwa namlinda yeye kama mtu anayelinda maziwa motoni yasifoke.

Katikati ya wimbo mmoja wa polepole akasimama. Nikajua tunaondoka, nikachukua koti. Kumbe anakwenda mbele! Alikwenda kwa madaha, mabega yakicheza, noti kaiinua juu, vilevile tunavyomtunza mwimbaji kwenye taarabu. Yule mzee mwimbaji akadhani anataka kununua kaseti, akamwonyesha meza ya mlangoni huku akiimba. Mama akamtia noti mkononi, akarudi zake. Watu wakapiga makofi. Niliona haya, nilitamani ardhi ipasuke.

Kwetu hatunzwi mtu ovyo. Unainuka pale wimbo unapokugusa, na kila mtu anajua umeguswa. Lakini mama hajui hata neno moja la Kihispania.

"Umemtunza kwa lipi?" Hasira zilinipanda. "Watu hawa hawa!"

"Watu gani? Mzee wa watu kakufanya nini?" Akafunga mkoba. "Wimbo ule naujua. Alokuja kumchukua babako alikuwa akiupiga mbinja barazani."

"Na ndiyo umtunze?"

"Wenziwe wakiwaburura watu pekupeku. Yeye alingoja. Aliupiga mpaka mwisho, akauanza tena, babako akavaa viatu, akaniaga. Wangapi hawakuagwa, mwanangu?"

Sikujua nimchukie kijana yule au nimshukuru, na mpaka leo sijui. Nilichoweza kuuliza kilikuwa kimoja tu.

"Na mimi? Baba aliniaga mimi?"

Mama aliendelea kutazama jukwaani.

"Ulikuwa umelala. Kasema nisikuamshe."