Kadi ya Sauti na Ee ya Hawo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho baada ya alasiri huja yenyewe bila kuitwa. Huja na mngurumo wa jenereta na harufu ya tope la mto linaloanza kukauka, na ndani yake yuko mzee wa Kiorma amekaa kwenye kiti cha plastiki, hedifoni masikioni, akingoja kuitikiwa na mkewe. Mkewe alikuwa amekwisha kufa. Sauti ya marehemu ilikuwa imewekwa mikononi mwangu, nami nikaiangusha. Kaa vizuri nikusimulie, maana kosa langu hilo nalijua kwa moyo kuliko kitabu chochote nilichosoma.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na mto ulikuwa umerudi kwenye mkondo wake baada ya mafuriko makubwa. Madimbwi yalibaki kila mahali, na yangeyange walisimama humo weupe, kimya, asubuhi hadi jioni. Garsen nzima ilikuwa kama mtu aliyeamka usingizini na bado hajakumbuka leo ni siku gani. Mimi nilikuwa kijana wa Ndera, mtoto wa wakulima wa kando ya mto, nimesoma kompyuta miezi sita mjini Malindi na kurudi na kichwa kisichoingia kofia yoyote. Watu waliniita fundi. Nami, badala ya kusema bado najifunza, niliitika.

Aliyenipa kazi ni Bi Mwanaisha, mama wa Kipini, mtu mzima mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Alikuwa na kituo kidogo, chumba kimoja cha mabati nyuma ya maduka. Kwa miaka mingi alitembea na redio kaseti yake, kutoka Kinakomba mpaka huku chini kwetu, akirekodi wazee: nyimbo, dua za mvua, majina ya mahali ambayo ramani haiyajui. Kaseti zilijaa masanduku mawili. Joto na unyevu vilikuwa vimeanza kuzila, na kazi yangu ilikuwa kuziingiza kwenye kompyuta kabla hazijanyamaza.

Katika kaseti hizo ilikuwamo moja ya Mzee Barisa, mfugaji wa huku mbugani. Humo anataja njia ya ng'ombe wakati wa kiangazi, kisima baada ya kisima, kutoka mbuga za juu hadi kwenye majani ya delta. Kando yake amekaa mkewe, Hawo. Basi elewa jambo hili, mwanangu, kwa sababu hadithi yote imesimama juu yake. Nyumbani kwa wazee wale njia haikusimuliwa na mtu mmoja. Msemaji hutaja kisima, na aliye kando huitikia "ee", kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Ile ee ndiyo muhuri. Msemaji akikosea, mwitikiaji hamkatizi wala hamsahihishi, hunyamaza tu. Akikutana na kimya, msemaji hujua amepotea, hurudi nyuma na kulitafuta jina la kweli.

Hawo alikufa kwa homa baada ya maji kupungua. Hakuacha picha hata moja. Mzee Barisa alitembea siku mbili kwa miguu mpaka kituoni, akamwomba Bi Mwanaisha jambo moja: kabla hajahama na ng'ombe wake, akae amsikie mkewe mara moja. Bi Mwanaisha akamwahidi Ijumaa baada ya swala. Kisha akanipa ile kaseti kwa mikono miwili.

"Utepe wake umechoka," akaniambia. "Usiucheze ovyo. Uingize mara moja kwenye kompyuta, mzee atasikiza humo."

Wiki hiyohiyo ndiyo ilipofika kadi ya sauti. Mgeni mmoja kutoka Nairobi aliyependa kazi ya kituo alituachia tuipime kwa majuma mawili, tuandike ripoti, na ikitufaa ibaki. Mwanangu, siku hizi sauti imo ndani ya kila simu na hakuna anayejiuliza inatoka wapi. Zamani ile kompyuta ilihitaji kadi yake ya sauti, ubao mwembamba unaochomekwa ndani kabisa, na zile tulizozizoea zilikuwa za bei rahisi. Hii ilikuwa ya wakubwa. Ilikuja imelazwa ndani ya sponji, ndefu kama kiganja na nusu, na matundu yake ya nyaya yamepakwa rangi ya dhahabu. Niliifungua nikaitazama tu, sikuishika, mpaka chai yangu ikapoa.

Nikazima kompyuta, nikafungua kifuniko kwa bisibisi, nikang'oa kadi ya zamani na kuichomeka mpya. Halafu nikavaa hedifoni, nikaweka taarabu.

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara mia, lakini sikuwahi kusikia vidole vikiachana na nyuzi. Nilisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Nje jua la saa nane lilikuwa linameta juu ya madimbwi, mbuzi wamelala kwenye kivuli cha mabati, na mimi nikawa naelea. Nilisahau hata kwamba nina miguu. Vijana wenzangu wakaja mmoja mmoja kuonja, kila mmoja akavua hedifoni akitikisa kichwa. "Fundi, hii ni noma," wakasema, kana kwamba kadi ile niliizaa mimi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Nikaingia kwenye kaseti ya Mzee Barisa nikiwa katika ulevi huo. Ile kadi ya zamani ilikuwa na ugonjwa wake: mvumo wa jenereta uliingia ndani yake, na mzee yeyote akinyamaza, ulisikika ng'oo, ng'oo, kama nyuki ndani ya debe. Kwa hiyo nilikuwa nimejifunza hila. Programu ya kurekodia ilikuwa na kitu nilichokiita lango. Ukilifunga, sauti kubwa hupita na sauti ndogo huzuiwa, na mvumo unakufa. Kadi mpya haikuwa na mvumo. Haikuhitaji lango. Lakini mkono ulikuwa umezoea, nikalifunga vilevile. Dawa ya mgonjwa nikamnywesha mzima.

Nilisikiliza mwanzo tu. Kiorma sikukijua wakati ule. Nikasikia sauti ya Mzee Barisa, safi kama amekaa mezani pangu, na baada ya kila jina, kimya. Kimya kitupu! Nikafurahi mno. Nikaandika kwenye ripoti: kadi hii ni tulivu kabisa, haina hata chembe ya kelele. Niliusifu utulivu wa kadi, kumbe nausifu ukatili wa lango langu.

Laiti ningeishia hapo. Nilitaka pia kuipima kadi inavyotoa sauti kuirudisha kwenye kaseti, na kaseti tupu sikuwa nayo. Ile ya Mzee Barisa ilikuwa mezani, na nilijiambia yaliyomo nimekwisha kuyaingiza. Bi Mwanaisha alikuwa amevunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Mimi sikufanya kwa bahati mbaya. Nilikata karatasi, nikaviziba vile vitundu, nikabandika selotepu, nikarekodi taarabu juu yake pande zote mbili. Ilitoka vizuri sana. Nikaandika na hilo pia kwenye ripoti.

Ijumaa Mzee Barisa alikuja amevaa kanzu iliyofuliwa, ndevu zimechanwa. Alikuwa mrefu, mkavu, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi, lakini hakikupoteza neno. Akaegemeza fimbo yake ukutani, akaketi. Nilimvisha hedifoni mimi mwenyewe, nikabonyeza, nikasimama pembeni nikingoja shukrani.

Akaanza kwa kutabasamu. Alijisikia mwenyewe, nadhani akacheka kidogo jinsi alivyokuwa akijikohoza. Kisha nikaona anainamisha kichwa upande wa kulia, upande ambao bila shaka Hawo alikuwa amekaa siku ile. Akangoja. Midomo yake ikawa inatamka majina pamoja na sauti yake, na baada ya kila jina alingoja. Jenereta ilikuwa inanguruma mbali. Nzi mmoja alitua mkononi mwake, hakumfukuza.

Baada ya muda akavua hedifoni polepole.

"Kijana," akasema, "mimi nimekosa wapi?"

"Kukosa nini, mzee?"

"Hawo nanyamaza. Kisima ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Njia yote kimya." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Mimi nasahau njia yote? Siku ile yeye naitika mimi. Leo yeye nakataa?"

Hapo ndipo nilipoelewa: ee za Hawo zilikuwa za sauti ya chini, na lango langu lilikuwa limezizuia. Niliona aibu ambayo mpaka leo naisikia kifuani ninapoisema. Ningeweza kudanganya, mwanangu. Ningeweza kusema utepe umeoza. Lakini Bi Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni, na ile kaseti ilikuwa mezani na kipande cha selotepu mgongoni. Akaichukua, akakigusa kile kipande kwa kidole. Nikasema yote.

Hakunifokea. Aliirudisha kaseti mezani kwa mikono miwili.

"Umepima kanwa mwanangu," akasema kwa lahaja yake ya Kipini, "shikio hukupima. Umekiuliza chombo chaimbaje, hukukiuliza chasikiaje. Na huyu mzee hakuya kuskiza mashini. Ameya kuskiza mkewe."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nililijua hilo. Lakini nilipokuwa nimeinama pale, kitu kimoja kilinijia. Lango lile hufunguka mtu anaposema na hujifunga anapomaliza. Kama kuna mahali Hawo aliitikia kabla mumewe hajamaliza neno, sauti yake ilipita pamoja na ya mumewe, imejificha chini yake, na lango halikuiona.

Nikamweleza mzee. Akavaa tena hedifoni.

Tukaanza upya. Nilicheza jina moja, nikasimamisha. Akatikisa kichwa. Jina la pili, akatikisa kichwa. Jua lilikuwa limegeuka, mwanga wa manjano umeingia mlangoni, na Bi Mwanaisha ameketi kizingitini na tasbihi yake. Kisima baada ya kisima tukaifuata njia ile ya ng'ombe, mzee akiwa mbele na mimi nyuma, nikihesabu moyoni ni visima vingapi vimebaki. Nilidhani tutafika delta mikono mitupu.

Karibu na mwisho akainua mkono.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akafumba macho.

"Rudisha."

Sijui nilirudisha mara ngapi. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu, na alikuwa anatabasamu. Akavua hedifoni, akanivisha mimi. Nikasikia jina la kisima, na chini ya mkia wa jina lile, nyepesi kama pumzi juu ya chai, "ee" ya mwanamke. Kwenye kadi ya zamani mvumo ungeimeza.

"Hapa," Mzee Barisa akasema, "hapa mimi namwona mara ya kwanza. Nanywesha ndama, yeye. Mimi nikitaja hapa, yeye hapana ngoja mimi maliza." Akacheka, akajifuta uso kwa pindo la kanzu. "Siku zote hapana ngoja."

Akachukua fimbo yake. Mlangoni akageuka, akaitazama kompyuta, akanitazama na mimi.

"Chombo yako mzuri," akasema. "Wewe bado."

Alikaa hapo mjini, akaja tena kesho yake, na kesho kutwa, kwa ajili ya ile ee moja. Kisha akahama na ng'ombe. Nilichana ripoti yangu nikaandika nyingine, na ndani yake nikaandika kosa langu kwa jina langu. Kadi ikabaki kituoni. Lango sikulifunga tena, na kaseti yoyote iliyopita mikononi mwangu niliisikiliza mwanzo hadi mwisho, na mwenyewe akiwa kando yangu. Kiorma nilijifunza, ingawa Mzee Barisa angecheka akinisikia. Yale mengine yote ya Hawo yamepotea, na aliyeyapoteza ni mimi. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekua mpaka ana ndevu.

Basi, mwanangu, nisikilize. Dunia yako imejaa vyombo vizuri kuliko vile vyetu, na utaitwa fundi mapema kuliko nilivyoitwa mimi. Ukipewa chombo ukipime, usikipime kwa kile unachokipenda wewe. Muulize kwanza mwenye haja amekuja kutafuta nini, kisha kipime kwa hicho. Usiharakishe kusafisha usichokielewa, kwani unachokiita kelele huenda ndicho mtu alichokifuata siku mbili kwa miguu. Cha asili usikifute mpaka mwenyewe asikie na kuridhika. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Kama ningedanganya, ile ee moja nayo isingetafutwa.

Nami nakuombea. Mola akupe umri mrefu na mikono ya upole. Asikupitishe kwenye njia ndefu peke yako. Na utakapozeeka ukakaa kuisimulia njia yako, akuwekee kando yako mtu wa kukuitikia, tena asiyengoja umalize neno. Amin.