Nilimnyima Nasra urais nikasingizia Uturuki

Kosa ni langu. Wacha niseme hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakujua sana. Mimi ni mwalimu wa historia na serikali katika shule moja ya wasichana huku Makueni, si mbali na mji wa Wote. Jina nitaliweka kando. Mkilijua mtanicheka, na wengine mtanipigia simu.

Nasra si jina lake pia. Alikuwa kidato cha tatu wakati huo. Babake alitoka Garissa miaka mingi iliyopita akiendesha lori, akachoka na barabara, akafungua duka pale mji mdogo wa Salama. Shuleni kwetu Waislamu ni wachache, unaweza kuwahesabu kwa vidole. Nasra alivaa hijabu nyeupe juu ya sare tangu kidato cha kwanza, na hakuna aliyemuuliza kitu. Hata mimi sikuwahi kuiona kama jambo.

Mimi ndiye mlezi wa klabu ya mdahalo. Mwaka huo nilishikwa na Uturuki. Sijui kwa nini, labda nilisoma sana. Kila wiki nilikuwa nawaambia wasichana vile nchi ile ilivyotoa dini kwenye serikali, na vile kwa miaka mingi mwanamke aliyefunika kichwa hakuweza kusoma chuo kikuu wala kukaa bungeni. Nilisema hiyo ndiyo njia ya kuwa nchi ya kisasa. Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu aliyekaa huko.

Nasra hakukubali. Alikuwa ananisubiri nimalize, halafu anasimama polepole. Alisema kama watu wamemchagua mama kwa kura zao, halafu mtu mwingine anamzuia mlangoni kwa sababu ya kitambaa, basi kura za watu hao zimetupwa. Nikadhani nimemnasa. Nikamuuliza, na hao wa chama cha dini walipochaguliwa baadaye huko Uturuki wakashika serikali, si nao wanalaumiwa kwamba wanabana wengine? Akasema ndiyo, na hao pia wakifanya hivyo wanakosea, kushinda kura hakumpi mtu ruhusa ya kumnyamazisha aliyeshindwa. Darasa lilipiga makofi. Nilicheka nao, lakini ukweli ni kwamba iliniuma kidogo.

Muhula uliofuata tukawa na uchaguzi wa rais wa wanafunzi. Nasra akajitosa. Aliahidi mambo ya kawaida tu, maji ya kuoga asubuhi na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, uliopikwa ukaiva. Kuhusu sala ya paredi ya Jumatatu, ambayo rais ndiye huiongoza mbele ya shule nzima, alisema makamu wake ataomba na yeye atasimama kwa heshima. Wasichana wa makanisa yote ya huku walimpigia kura. Alishinda vizuri sana, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa uchaguzi, kwa hivyo najua. Hakukuwa na shaka yoyote.

Mchana huo mwenyekiti wa bodi akanipigia simu. Ni mchungaji, na kanisa lake ndilo mdhamini wa shule, ingawa shule ni ya serikali. Hakunitisha, nisimsingizie. Aliniuliza tu wazazi wakija kwake wamuulize kama kanisa limelala, atawajibu nini. Halafu akataja, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba bodi inaangalia majina ya naibu mwalimu mkuu mpya.

Ngai! Jina langu lilikuwa kwenye hiyo orodha. Miaka tisa nilikuwa nimengoja.

Ningeweza kumwambia mchungaji kwamba watoto wamechagua na imekwisha. Mwalimu mkuu alikuwa ameniachia kila kitu, akasema nitakaloamua ni sawa. Lakini nilikaa nikitafuta njia ya kumfurahisha mchungaji bila kuonekana mtu mbaya. Njia ikapatikana haraka. Nikaikumbuka Uturuki yangu.

Jumatatu paredi, mbele ya shule nzima na mchungaji mwenyewe, nikashika maikrofoni. Nikasema shule hii ni ya umma, haina dini. Nikasema rais ni wa wanafunzi wote, kwa hivyo hawezi kuvaa alama ya dini moja. Nasra avue hijabu akiwa kazini, la sivyo nafasi iende kwa aliyekuja wa pili. Nilitaja mpaka katiba! Nilisema maneno mazuri jamani, hata leo nikiyakumbuka naona yalipangika.

Nasra aliinua mkono kama tuko darasani.

"Mwalimu, hiyo sheria imeandikwa wapi?"

Nikamwambia ipo. Haikuwepo. Niliitunga nikipiga mswaki asubuhi ile.

Alisema basi hawezi kuvua, akarudi kwenye mstari wake. Nami, bila hata kupumzika, nikamkaribisha mchungaji atuombee. Akaomba kwa jina la Yesu, akashukuru kwa sababu shule imepata kiongozi anayemcha Mungu. Mimi niliyesema shule haina dini nilikuwa wa kwanza kuitikia amina. Na nilisema kwa nguvu.

Aliyekuja wa pili alikuwa Mwende, rafiki yake Nasra wa dawati moja. Alinifuata ofisini akasema hiyo kazi haitaki. Nikamwambia alama za dini zimekatazwa kwa viongozi, si mimi, ni utaratibu. Hakubishana. Alishika beji ya sweta yake, ile yenye msalaba wa shule, akaniuliza, "Na hii mwalimu, nitoe?" Nikamfukuza. Nilimwambia ana madharau. Kesho yake nikamwita tena, nikamshika na maneno ya wazazi wake na karo mpaka akakubali urais.

Barua ya unaibu nilipata. Nilinunua suti, nikaenda nyumbani kwetu, kijiji cha Kwa Vonza, mama akachinja kuku. Nilikula nikiongea sana.

Shuleni mambo yalianza kuharibika kidogo kidogo. Klabu ya mdahalo ikawa kimya. Nikitoa hoja, kila msichana anakubaliana nami, upande wa kupinga nao unakubaliana nami. Nasra alihamia dawati la nyuma kabisa. Alifanya kazi zake zote, alisalimia vizuri, hakuinua mkono tena.

Mwisho wa muhula nikatunga mtihani. Swali moja lilikuwa juu ya uchaguzi huru na haki, swali ambalo Nasra angejibu akiwa amelala. Karatasi yake ilikuwa na majibu sahihi kila mahali, isipokuwa hapo. Hakuandika hata neno. Nikamwita nikamuuliza kama alisahau.

"Sikusahau," akasema. "Sikujua kama unataka jibu la kitabu ama lako."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata pa kumkaripia. Nilimwambia aende, nikabaki nimekaa hapo nikishindwa kusahihisha karatasi iliyofuata.

Wiki hiyo nilienda Salama. Babake alinipokea kwa heshima, akaniwekea kiti mbele ya duka, akaleta chai ya maziwa. Nikamweleza yote, hata ya unaibu. Nikamwomba msamaha. Alimhudumia kwanza mteja wa sukari, halafu akarudi akakaa.

"Mwalimu, kunywa chai, hiyo ni yako," akasema. "Lakini mimi hukunikosea. Mtoto ulimwaibisha paredi. Rudi hapo hapo paredi useme."

Nikasema nitasema. Nilimshika mkono kabisa.

Hiyo imepita karibu mwaka mzima. Nasra sasa yuko kidato cha nne, karibu anamaliza. Kila Jumatatu nashika maikrofoni, nasoma matangazo ya karo na usafi wa mabweni, najiambia leo, halafu namwona mchungaji, au mwalimu mkuu, au wazazi wawili watatu langoni, na namaliza kwa kuwaambia wasichana waende madarasani. Zimebaki paredi tatu kabla hajaondoka.

Wewe mwalimu, wewe mzee wa kanisa, wewe wa kamati ya soko au ya maji, nakuomba. Watu wakichagua mtu usiyemtaka, kubali. Na kama shetani amekushika lazima umnyime, basi sema humtaki, usiende kuazima maneno makubwa ya nchi za mbali ukauvisha woga wako. Watoto wanaona. Wanajua kabisa unachofanya, na wanajifunza hapo.

Nimewaandikia nyinyi kwa sababu hamnijui, na ni rahisi. Yule anayenijua anakaa dawati la nyuma, na bado sijamwambia kitu.