Tasnifu Iliyopakwa Vanishi

Mkiniona nakaa kimya kila mnapozungumzia ubora wa vitabu vyetu, msidhani ni hekima. Ni aibu, na leo nimeamua kuieleza mwenyewe kabla shemeji yangu Shabani hajaieleza tena kwa namna yake, maana yeye huongeza chumvi na huiga hata sauti yangu.

Wakati huo nilikuwa namalizia shahada ya uzamili kwa njia ya utafiti, mada yangu ikiwa uchapishaji wa vitabu nchini baada ya biashara kufunguliwa, zama ambazo kila mwenye chumba cha uani na mashine chakavu alijiita mchapishaji. Sura ya nne, niliyoipenda kupita kiasi, ilihusu ujalidi, yaani kazi ya kuunga kurasa na kuzivika jalada. Humo nilikichambua bila huruma kiwanda kimoja kidogo cha Chang'ombe ambacho vitabu vyake, kwa maneno yangu mwenyewe, "humdhulumu msomaji kwa kuachia kurasa kabla hajafika katikati" (sentensi hiyo nilimsomea mke wangu Mwanaidi mara nyingi, hata ikawa nikianza, yeye anaimalizia huku anachambua mchele).

Sasa, utaratibu wa chuo ulitaka siku ya utetezi niende na nakala tatu zenye jalada gumu jeusi, ili watahini, ambao walikwisha kuisoma kazi katika fotokopi, wakiridhika watie saini palepale kwenye ukurasa wa uthibitisho. Bila saini hakuna shahada, na bila shahada ile nafasi ya kufundisha niliyoahidiwa ingekwenda kwa mwingine. Na mtahini wa nje alitoka nchi jirani, ndege yake ya kurudi ilikuwa jioni ileile. Fundi aliyesifika kwa majalada magumu upande wetu alikuwa nani? Mwenye kiwanda kilekile cha Chang'ombe. Nilifika mpaka mlangoni pake, nikamwona amekaa, miwani puani, nikawaza kwamba mzee huyu hataacha kuipekua, na ataangukia sura ya nne. Nikageuza. Uamuzi mdogo tu, wa mtu kugeuza viatu.

Nikaenda Keko, kwa Shabani, kaka wa mke wangu, fundi wa makochi na makabati. Nilipomweleza haja yangu alicheka, akasema, "Profesa, mie nimemtengenezea hakimu kabati la ukuta mzima, karatasi ndiyo itanishinda?" (Sikuwa profesa, lakini sikumkosoa.)

"Ninachotaka, shemeji, isiachie hata ukurasa mmoja."

"Isiachie?"

"Isiachie kabisa."

"Basi umeshapata."

Akapaka gundi ya mbao mgongoni mwa kila nakala, akapiga na vimisumari vya kochi kwa uhakika, akavika ngozi bandia nyeusi iliyobaki kwenye sofa la mteja, akaibana kwenye jiliwa. Yangeishia hapo pengine ningenusurika. Lakini mimi, msomi, nilikumbuka kwamba vitabu vya fahari vya zamani vilipakwa dhahabu kwenye kingo za kurasa, nikamwomba azipige msasa kingo zile kisha azing'arishe. Akaniuliza, kwa heshima zote, "Vanishi ya mninga au ya rangi ya chai?" Nikachagua mninga.

Nyumbani Mwanaidi aliigeuzageuza moja, akauliza kama nimejaribu kuifungua. Nikamjibu kwamba kitabu kipya hakisumbuliwi mpaka gundi itulie. Nikamnukulia na ukurasa wa sura ya nne unaosema hivyo.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Mwanaidi alikuja, na Shabani amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nilijibu maswali kwa ufasaha ambao hata mimi ulinishangaza, na nilipofika kwenye ujalidi nilisimama kabisa nikatamka kwamba sifa ya kwanza ya kitabu, kabla ya yote, ni kufunguka. Watahini wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mtahini wa nje akatoa kalamu, akavuta nakala ya juu ili atie saini, na nakala zote tatu zikaja pamoja.

Alizibandua. Akajaribu kuifungua ya kwanza, ikakataa. Akampa mwenzake, naye akajaribu kwa ukucha, kisha kwa rula, ikahamia kwa msimamizi wangu, ambaye alinitazama mimi badala ya kuitazama. Mwishowe mtahini wa nje akaigonga kwa kidole kama mlango.

"Hodi," akasema.

"Karibu," ukumbi ukaitikia.

Ningeomba ardhi ipasuke, lakini Shabani alikwisha simama. "Wazee wangu, shikamooni. Hiyo ni kazi ya mkono wangu. Haina ubovu wowote, yeye mwenyewe alisema isiachie." Akatoa patasi mfukoni mwa kanzu, akaja mbele, akaichokonoa kingo kwa adabu kubwa, na fungu zima la kurasa likanyofoka likaanguka miguuni pa mtahini. Mtahini akaliokota, akalisoma kidogo. Ilikuwa sura ya nne.

Walitia saini kwenye karatasi tupu, kwa sharti moja alilolitamka mtahini wa nje huku anaitazama saa: "Zikajalidiwe Chang'ombe. Na huyo bwana aisome sura hii kwanza, ndipo aanze kazi."

Mzee wa Chang'ombe akaisoma, mbele yangu, yote, polepole. Nilisimama kama mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu mkuu. Alipomaliza akavua miwani, akasema kwamba ni kweli, gundi ya miaka ile ilikuwa mbaya, kisha akauliza, "Na yako, mwanangu, uliitoa wapi?"

Shahada niliipata, na kazi niliipata. Nimeapa kutokinena kitabu cha mtu kabla sijakifungua mwenyewe, changu kikiwa cha kwanza. Nakala moja ya ile kazi ya Keko Shabani hakukubali itupwe. Ameiweka karakanani kuegemezea mguu mfupi wa meza ya randa, na kila mteja anayeulizia uimara wa makochi yake huinamishwa ili aione. Mpaka leo haijaachia.