Viatu vya Mtani Wangu

Kituo chetu cha kufundisha wakulima wa korosho hapa Newala kilipoletewa kompyuta, nilitumwa Masasi kujifunza programu ya kutengenezea masomo. Si kwamba nina akili. Nilichelewa kikaoni, wenzangu wakanichagua. Kuteremka tu ule mlima nilishaanza kukikumbuka kitanda changu.

Niliporudi nilikuta agizo. Ilikuwa miaka ya ubinafsishaji, kila ofisi inapunguza watu, na mkuu wa kituo alisema waziwazi: mkufunzi asiye na somo ndani ya kompyuta, aanze kufunga virago. Mimi sikuwaza kituo. Nilimuwaza mtani wangu.

Alikuwa mkufunzi wa siku nyingi, Mmakua wa Lulindi, mimi Mmakonde wa hapa juu mlimani, kusiko na maji; makabila yetu ni watani. Kwa umri ni mama yangu mdogo, kwa hiyo shikamoo nilimpa, na tusi likafuata nyuma.

"Shikamoo, mla panya."

"Marahaba, mtoto wa wasiojua maji. Leo umenawa hata uso?"

Kompyuta hakutaka kuisogelea. "Nikifundisha watu, nawatazama," alisema. "Wakicheka najua wameelewa. Hicho kisanduku chako kinacheka?" Wengine wote wakajificha nyuma yake. Akikataa yeye, wamekataa wote.

Nilibembeleza. Nikaleta mihogo ya kuchoma, wakaila, wakanishukuru, wakarudi kwenye chaki zao. Mwisho nikatumia haki ya mtani. Alikuwa na tabia ya kuvua viatu chini ya meza. Nikavibeba, nikavifungia ndani ya chumba cha kompyuta. Kitu alichochukua mtani hakishtakiwi popote. Kinakombolewa.

"Unataka nini, mwizi wewe?"

"Somo moja. La kupuliza salfa kwenye mikorosho."

"Na nikienda pekupeku?"

"Nenda. Lulindi wakikuona huna viatu watajua mwenzao amerudi."

Alicheka mpaka akashika ukuta, akaingia. Mausi aliishika kama anayeshika chura. Tulipoanza kurekodi, akasema, "Shikamooni wazee. Akina mama, hamjambo?" Kisha kimya.

"Endelea," nikamwambia.

"Ngoja waitikie! Umelelewa na nani?"

Kila alipouliza swali au kutia mzaha, aliacha kimya cha kutosha watu kujibu na kucheka. Masasi tulifundishwa kukata vimya kama hivyo. Sikuthubutu kukata hata kimoja.

Aliposikia sauti yake ikitoka ndani ya mashine, aliwaita wenzake. Wiki ile ile walinigombania, kila mtu anataka somo lake, nami nikatembea ofisini kama jogoo. Nimemwokoa mtani wangu, nilijiambia.

Kumbe wakubwa walikuwa wanahesabu vingine. Masomo yalipokamilika, wakaamua diski zinatosha. Wakufunzi wote wakapumzishwa, waliotengeneza kwa hiari na waliotengeneza kwa viatu. Nikabakizwa mimi, mbonyezaji.

Siku yake ya mwisho niliviiba tena vile viatu. Nilitaka anitukane, tucheleweshane kidogo. Alitazama chini ya meza, akanitazama mimi.

"Vikae tu, mtani. Safari hii sina cha kukombolea. Sauti yangu mnayo."

Akaondoka na kandambili za chooni. 

Sasa nazunguka vijijini na diski zake, mimi nisiyependa hata kutoka uani kwangu. Juzi Chilangala, mbele ya ghala la korosho, sauti yake ikasema shikamooni wazee. "Marahaba!" wakaitikia. Ikawasubiri. Ikatania, wakacheka, ikasubiri wamalize, ndipo ikaendelea. Nikainama kurekebisha nyaya zisizokuwa na ubaya wowote.

Baadaye mama mmoja akaniuliza, "Mwenyewe mbona haji siku hizi?"

"Yuko kwao, Lulindi."

"Mwambie tunamwitikia."

Lulindi sijaenda. Viatu vimo kwenye boksi la nyaya, nimevipaka rangi mara kadhaa. Lakini mtani akirudisha kitu bure, bila ukombozi, ndiyo kusema utani umekwisha. Kwa hiyo nazunguka navyo.